Kabla ya kumlipa mbunifu: mambo ya kuzingatia unapoandaa nembo na tovuti ya kliniki binafsi

Kliniki nyingi binafsi hapa Tanzania huanza na nembo. Mwenye kliniki anampigia kijana wa grafiki, wanapatana bei, na baada ya siku chache bango limeshachapwa. Kisha usajili unatoka na jina lililobadilika kidogo, au daraja la kituo si lile lililoandikwa bangoni, na kila kitu kinarudiwa: bango, kadi, muhuri, sare, tovuti. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni karatasi za usajili.

Jina lina milango zaidi ya mmoja. BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, wanasajili jina la biashara au kampuni, Wizara ya Afya inasajili kituo chenyewe kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Majina haya yafanane herufi kwa herufi, maana mgonjwa, bima na mkaguzi watayalinganisha. Zahanati isiitwe hospitali, na kliniki ya daktari mmoja isiitwe kituo cha afya, kwa sababu maneno hayo ni madaraja ya usajili yenye masharti yake. Kama ndani kuna maabara au famasi, nazo zina usajili wake, kwa hiyo usizitangaze kabla vibali havijatoka. Kumbuka pia kwamba kusajili jina la biashara hakukupi umiliki wa nembo. Nembo inasajiliwa peke yake kama alama ya huduma, huduma za tiba zikiwa kundi la 44 kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa na huduma, na usajili wa Bara haukulindi Zanzibar.

Sasa nembo. Hapa kuna kosa linaloonekana kila mtaa: msalaba mwekundu kwenye nyeupe. Alama hiyo haimaanishi "hospitali". Inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na chama cha Msalaba Mwekundu, na nguvu yake ni kwamba mpiganaji akiiona vitani asirushe risasi. Kila duka la dawa linapoitumia, maana hiyo inapungua. Kuigeuza rangi, yaani msalaba mweupe kwenye nyekundu, nako hakusaidii: hiyo ni bendera ya Uswisi, nayo inalindwa na mikataba hiyo hiyo. Kama unataka nyoka na fimbo, mwambie mchoraji nyoka awe mmoja, fimbo isiwe na mabawa. Hiyo ndiyo fimbo ya Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki. Yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara na wasafiri.

Kabla ya kuikubali nembo, ijaribu kwenye sehemu tatu ngumu. Ya kwanza ni muhuri wa wino wa bluu wenye upana wa sentimita 4, usio na rangi ya pili wala kivuli. Ya pili ni mfuko wa koti la daktari, ambako cherehani ya kudarizi haiwezi kushona mstari mwembamba kama unywele wala herufi ndogo. Ya tatu ni kile kiduara cha picha ya WhatsApp, kinachokata pembe zote nne. Nembo ikipita hapo, itapita popote. Dai faili za vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kuharibika, SVG na PDF, pamoja na toleo la rangi moja. Ukipewa picha ya JPG peke yake, siku ya kuchapa bango la mita 3 utaona kingo zimevunjikavunjika. Andika pia namba kamili za rangi, za skrini na za uchapaji, la sivyo kijani cha kadi kitakuwa tofauti na kijani cha ukuta.

Kwenye tovuti, jambo la kufunga mapema ni umiliki. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, iwe .co.tz au .com, kisajiliwe kwa jina la kliniki na barua pepe ya kliniki, na nywila akae nazo mwenye kliniki. Fundi akikisajili kwa jina lake, siku mkikosana au akisahau kulipia mwaka unaofuata, anwani iliyoandikwa kwenye bango na kadi zote inazimika. Laini ya simu nayo ni hivyo hivyo. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba iliyosajiliwa na mhudumu wa mapokezi inaondoka naye akiacha kazi. Sajili laini kwa jina la kampuni kabla namba haijachapwa popote.

Maandishi yaandae mwenyewe, usimwachie fundi, kwa sababu yeye atanakili ya kliniki nyingine. Mgonjwa anayefungua tovuti anataka kujua nani atamwona, siku gani, atalipa kiasi gani au kwa bima ipi, na anafikaje. Andika kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno anayotumia yeye anapotafuta: "daktari wa watoto", "kung'oa jino", "altrasaundi ya mimba". Kwa kila mtaalamu weka jina, sifa, na kada yake halisi. Afisa tabibu aandikwe afisa tabibu, asiandikwe daktari. Neno "bingwa" libaki kwa waliosajiliwa kama mabingwa na Baraza la Madaktari. Sifa za "tunaponya kabisa" na "bora kuliko wote" ziondoe, kwani maadili ya taaluma hayaruhusu kujinadi hivyo, na tangazo la dawa linahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Saa ndizo zinazovuruga zaidi. Fundi anachukua kiolezo cha Kiingereza, anaona 8:00, anaandika "saa 8 asubuhi". Mama anafika na mtoto mwenye homa saa 8 mchana, daktari wa zamu ya asubuhi alishaondoka. Andika "saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni", halafu kwenye ukurasa wa ramani ya Google, ambako saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, weka 08:00 hadi 16:00. Mlinganishe mambo haya mawili kwa macho yenu, na msisahau sikukuu.

Kwa bima, taja zile tu zenye mkataba hai leo, na huduma ambazo mkataba haujazigusa ziseme wazi. Mgonjwa aliyetoka mbali na kadi ya NHIF akakataliwa mapokezi hatarudi, na majirani watasikia. Mteue mtu mmoja, kwa jina, wa kurekebisha ukurasa huo siku ile ile mkataba unapobadilika.

Njia ielekeze kama watu wanavyoelekezana: kituo cha daladala cha kushukia, upande wa barabara, kitu kinachoonekana jirani. Weka picha ya mbele ya jengo iliyopigwa kutoka barabarani mchana. Picha za kununua za madaktari wa nchi nyingine hazimsaidii mtu kulitambua geti lako. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 4, na tano kama hizo zinamla mtu bando kabla hajaona namba ya simu. Zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1,200 na chini ya KB 200 kila moja. Maandishi yasipungue pikseli 16, na tofauti ya mwanga kati ya rangi ya herufi na ya mandhari iwe angalau 4.5 kwa 1, kipimo ambacho fundi anaweza kukipima mtandaoni. Bluu hafifu juu ya nyeupe inapendeza ofisini, lakini juani haisomeki. Namba ya simu ibonyezeke na ianze na +255.

Fomu ya miadi iombe vitu vitatu tu: jina, simu, na siku inayomfaa mgonjwa. Usiulize ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na kliniki inayozikusanya inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uliza mapema ujumbe wa fomu unaangukia kwenye barua pepe ya nani, na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iko nchi gani, kwani kupeleka taarifa nje kuna masharti. Picha ya mgonjwa isitumike bila ridhaa ya maandishi, hata kama sura imefichwa: kovu, tatuu au kitenge alichovaa vinatosha kumtambulisha kwa jirani.

Siku mbili kabla ya kutangaza anwani, mpe simu ya kawaida yenye mtandao wa kusuasua mtu asiyefanya kazi ya afya. Mwombe atafute gharama ya kumwona daktari, siku za daktari wa watoto, na kituo cha kushuka. Kaa pembeni, usimsaidie. Kila anapokwama au kurudi nyuma, andika, na fundi aparekebishe kabla hujamlipa sehemu ya mwisho.