Somo: Kupasua mwamba wa sheli kupata gesi (soma kabla ya kuniuliza)

Nimechoka kujibu swali moja inbox kila wiki: gesi inatolewaje kwenye sheli? Nilikuwa kwenye pampu za kupasulia mwamba Texas, Marekani, eneo la sheli liitwalo Barnett. Na sheli hapa ni mwamba, siyo pale unapojaza mafuta.

1. Chimba wima hadi kwenye mwamba, kisha pinda ulale nao.

2. Shusha bomba la chuma, jaza saruji nyuma yake, pima presha. Ikivuja, simama.

3. Peleka kizibo na bunduki ya kutobolea kwa waya, ukianzia mwisho wa kisima. Toboa bomba, toa waya, tupia gololi izibe tundu la kizibo.

4. Piga maji yenye dawa kidogo ya utelezi hadi mwamba upasuke.

5. Mchanga. Ndio unaozuia nyufa zisijifunge pampu zikizimwa. Anza na kidogo, ongeza polepole. Mimi zamu ilikuwa inaisha, nikaongeza huku presha inapanda taratibu na naiona. Pampu zikajizima, mchanga ukajaa bombani kama ugali uliosahaulika jikoni. Siku mbili tunazibua, bosi hanisemeshi. ONYO: presha ikipanda na hujagusa kasi, kata mchanga, endelea na maji matupu mradi hujafika kikomo. Maji yakisimama, mchanga unalala. ONYO tena: pampu zikiwa kazini, usikatize kwenye mabomba hata kwa sekunde.

6. Sukuma mchanga wote uingie, weka kizibo kingine, rudia. Mwishoni saga vizibo, maji yarudi, gesi ifuate.

MASWALI

– Mkuu, mchanga wa nini?
Namba 5.

– Naweza kufufua kisima changu cha maji hivi?
Hapana. Na usijaribu.

– Kaka, Songo Songo nako wanapasua?
Swali zuri, dada. Kule gesi iko kwenye mwamba wa mchanga, vitundu vimeungana, inatembea yenyewe. Sheli ina vitundu pia, ila havina njia.

– Kwa nini maji, siyo jeli?
Kampuni ya George Mitchell ilihangaika na Barnett tangu 1981, jeli (maji yaliyotiwa dawa yakawa mazito) ikila hela. Mwishoni mwa miaka ya 1990 injinia wao Nick Steinsberger akajaribu maji mepesi. Gharama ikashuka na gesi ikatoka vizuri.

– Yale maji yanayorudi, mnamwaga?
Thubutu! Yana chumvi kuliko bahari. Yanatumika tena au yanashindiliwa kwenye visima vya taka, na hivyo ndivyo vilivyoleta matetemeko mengi ya ardhi jimbo la Oklahoma.

– Buti gani zinafaa?
Za mpira. Ngozi inakakamaa kwa ile chumvi.