Somo: Punje ya vumbi inavyouzima mkondo wa protoni

Umewahi kukaa chumbani mchana, jua likapenya tundu la bati, ukaona vumbi likielea ndani ya ule mwale? Sasa hamishia picha hiyo kwenye LHC, kichapuzi cha chembe cha CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya), kilomita 27 za bomba chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ambamo huzungushwa mkondo wa protoni, zile chembe chanya za kiini cha atomi.

Hatua ya 1: Vumbi limo. Bomba limefyonzwa hewa, lakini kuondoa hewa si kuondoa uchafu. Punje za mikromita chache hadi makumi kadhaa zimeng'ang'ania kuta.

Hatua ya 2: Punje inabanduka darini. Kutoka hapo hadi katikati ni kama sentimita 2. Tuseme inaanguka kwa uzito wake tu: kipeuo cha pili cha (2 × 0.02 ÷ 9.8) ni sekunde 0.06. Protoni huzunguka mara 11,245 kwa sekunde. Punje haijafika katikati, mkondo umeshapita chini yake mara 700 hivi!

Hatua ya 3: Mgongano. Protoni chache hugonga viini vya atomi za punje na kutapanya chembe nyingine. Nyingi zaidi hupita tu zikiinyang'anya elektroni, hadi punje inabaki na chaji chanya. Protoni nazo ni chanya, kwa hiyo punje inasukumwa nje. Kuanzia kuguswa hadi kufukuzwa ni milisekunde chache.

Hatua ya 4: Hasara. Chembe zilizotapanyika huangukia sumaku zinazoongoza mkondo, ambazo hukaa kwenye nyuzi -271 za Selsiasi ili nyaya zipitishe umeme bila ukinzani. Joto dogo tu likiingia, ukinzani unarudi ghafla, na maelfu ya ampea yanaanza kuchemsha waya. Kwa hiyo kando ya njia kuna vipimo karibu 4,000 vya kunusa mionzi inayovuja. Kimoja kikivuka kiwango, mkondo wote hutolewa njiani na kutupwa kwenye bonge la grafiti, na kuujaza upya ni kazi ya saa nzima au zaidi.

Kwangu utamu uko kwenye hicho kiwango. Ukikiweka chini, unatupa mkondo kwa punje ambayo ingejiondokea yenyewe. Ukikiweka juu, siku moja sumaku inapata joto. Tangu matukio haya yaonekane mwaka 2010, wahandisi wamekuwa wakikirekebisha. Matukio yenyewe waliyaita UFO, kwa utani: kitu kisichotambuliwa kinachoanguka, badala ya kinachoruka.

Maswali ya wanachama

*Fundi_Redio:* Mwalimu, si wafungue bomba wasafishe?

Ndugu yangu, kupasha joto na kupoza tena sehemu moja tu ya mashine huchukua wiki nyingi. Habari njema ni kwamba kadiri inavyotumika ndivyo matukio yanavyopungua: mwaka 2011 yalishuka kutoka kama 10 kwa saa hadi kama 2.

*BintiFizikia:* Shikamoo mwalimu. Na kama mkondo ni wa elektroni?

Marahaba, binti. Hapo ni balaa zaidi. Punje yenye chaji chanya haifukuzwi, inavutwa na inaweza kunaswa humo, ikiula mkondo polepole. HERA, kichapuzi kingine kilichokuwa kule Hamburg, iliteswa hivyo, na mwaka 1994 wakaacha elektroni wakatumia positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Pampu zilizoshukiwa kumwaga vumbi zilipobadilishwa, mwaka 1998 wakarudi kwenye elektroni.

*Kiboko:* Ni vumbi kweli, au wanakisia?

Kwenye sumaku za LHC za kuingizia mkondo walikuta punje za oksidi ya alumini, zimetoka kwenye bomba la kauri la humohumo. Ila si kila mara. Mwaka 2017, sehemu iitwayo 16L2 ilisumbua msimu mzima, na mshukiwa alikuwa hewa iliyoingia bombani ikaganda. Ilibidi wabadili mpangilio wa mafungu ya protoni ili wamalize mwaka, kisha wakaipasha sehemu ile joto kiasi na kuifyonza hewa.