Kumfungia Mama Wi-Fi Mwanza Ukiwa Ughaibuni

Nyumba ya mama iko Nyegezi, upande wa mlimani, na nyuma yake kuna mwamba mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Utotoni tulianika dagaa juu ya mwamba huo. Sikujua kwamba ungekuja kunisumbua nikiwa Leeds, Uingereza, mpaka nilipoanza kumpigia mama simu ya video kila Jumapili na picha ikawa inaganda kila anapofungua mdomo.

Nawaandikia wenzangu mlioko nje ambao wazazi wenu wako Mwanza, Musoma, Bukoba, Ukerewe, au popote kandokando ya ziwa. Maelekezo mengi ya kufunga Wi-Fi yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi ndani ya nyumba anayoifungia. Sisi hatumo. Atakayebaki na ruta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, ni mama, au mdogo wetu, au dada wa kazi. Kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia kifaa unachonunua hadi nywila unayoweka, upime kwa swali moja: ikizimika saa mbili usiku, aliyepo ataiwasha bila wewe?

Anza na kinachoingia nyumbani

Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu wanunue ruta ya gharama halafu walie. Intaneti ni kile kinachofika kwenye ruta kutoka nje. Wi-Fi ni redio ya umbali mfupi inayokigawa kutoka kwenye ruta kwenda kwenye simu, runinga na kompyuta. Ruta nzuri haiwezi kugawa kisichofika.

Kwa Mwanza njia kuu ni mbili: faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayovutwa hadi nyumbani, au laini ya simu. Kama faiba imefika mtaani, chukua faiba, usifikirie mara mbili. Mwamba hauizuii, mvua haiizuii. Lakini usitosheke na jibu la ofisini kwamba "huduma ipo eneo hilo." Mtume mdogo wako akabishe hodi kwa majirani, aulize nani anayo, na mwezi uliopita ilikatika mara ngapi.

Kama haijafika, utatumia ruta ya laini, ya 4G au 5G, na hapa ndipo milima ya Mwanza inapokuwa na neno. Nyumba mbili zilizoachana mita hamsini zinaweza kupata mtandao tofauti kabisa, kwa sababu moja inauona mnara na nyingine imejificha nyuma ya jiwe. Usichague laini kwa mazoea ya familia. Mwombe mtu aliyeko nyumbani azime Wi-Fi kama ipo, achukue simu zenye laini tofauti (Vodacom, Airtel, Yas, Halotel), apime kasi sebuleni, chumbani kwa mama na dirishani, kisha arudie vipimo hivyo asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Kipimo cha usiku ndicho cha kukiamini, maana hapo mtaa mzima umerudi nyumbani na wote wako kwenye mnara mmoja. Kwetu, laini iliyoshinda siyo ile tuliyoitumia ukoo mzima kwa miaka kumi.

Programu ya kupimia kasi itakupa namba mbili. Ya kwanza, ya kushusha, ndiyo inayotangazwa. Ya pili, ya kupandisha, ndiyo inayokuhusu wewe uliye mbali, kwa sababu ndiyo inayobeba uso na sauti ya mama kutoka Nyegezi hadi kwako. Ndiyo maana yeye anakuona vizuri na kukusifia koti lako, huku wewe unamwona kama kivuli. Simu ya video haihitaji makubwa: Mbps (megabiti kwa sekunde) 2 za kupandisha zisizotetereka zinatosha. Filamu ya ubora wa HD inataka kama Mbps 5 za kushusha. Mimi nachukua Mbps 10 zinazotulia, naziacha 50 zinazoruka na kuanguka.

Laini ya ruta nayo lazima isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, jambo ambalo huwezi kulifanya ukiwa Leeds. Isajiliwe kwa jina la mama mwenyewe. Tuliwahi kuisajili kwa jina la binamu kwa sababu alikuwa karibu na duka. Alipohamia Kahama, kila tatizo la laini likawa la kumsubiri yeye.

Kununua

Nilituma ruta ya kwanza kutoka hapa, ndani ya begi la mtu aliyekuwa anasafiri. Ilikuwa nzuri na ilikuwa ghali, na ilikuwa imefungwa kwa mtandao wa huku, haikubali laini nyingine yoyote. Walioko Marekani wana tatizo la ziada: ruta za laini za huko hutengenezwa kwa masafa ya kampuni za huko, na mengi hayafanani na yetu. Kuna na umeme. Kwetu ni volti 230 na plagi ya pini tatu kama ya Uingereza, kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye adapta. Kama hayasemi 100-240V, usiitume.

Ushauri wangu ni kununua Mwanza mjini. Utapata risiti na dhamana, na fundi wa mtaani atakuwa ameshaizoea aina hiyo. Hakikisha ruta haijafungiwa mtandao mmoja, ina antena zinazoweza kuchomolewa ili siku moja uweze kuweka ya nje, na ina programu ya simu inayokuruhusu kuiona ukiwa mbali. Pesa utakayookoa kwenye ruta ya kifahari ipeleke kwenye umeme, nitakakofika hivi punde.

Pa kuiweka

Mama aliiweka ruta nyuma ya runinga, ndani ya kabati la vioo, akaifunika kitambaa cha kufuma. Kwake hicho ni kitu cha thamani na ndivyo kitu cha thamani kinavyotunzwa. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba ruta inapumua kwa matundu yake na hutazama huku na huku kama mlinzi. Ukiifunika inapata joto, ukiificha haioni.

Ruta ya laini inataka kuviona viwili: mnara wa nje na simu za ndani. Anza na mnara. Zungukeni nayo nyumba nzima mkiwa kwenye simu, dirisha moja baada ya jingine, mkitazama vipimo vya mawimbi kwenye programu yake. Kila sehemu subirini dakika mbili. Tafuteni dirisha lenye mawimbi mazuri, kisha iwekeni juu, usawa wa kichwa au zaidi, mbali na friji, kioo kikubwa na nondo nene. Maji nayo hunyonya mawimbi, kwa hiyo simtanki lililo kati ya ruta na chumba cha mama ni ukuta usiouona.

Ruta nyingi zina masafa mawili. GHz 2.4 huenda mbali na hupenya tofali kwa nafuu; GHz 5 ina kasi zaidi lakini kuta mbili za saruji zinaimaliza. Kwenye nyumba zetu za tofali na msingi wa mawe, acha yote mawili yawe na jina moja, simu zichague zenyewe. Kama majirani ni wengi, weka chaneli ya 2.4 kuwa 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu ruta moja inatosha. Kama kuna chumba cha uani, achana na vile viongeza mawimbi vya bei nafuu. Vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile na kasi hupungua karibu nusu. Vuta kebo ya mtandao, isizidi mita 100, uweke kifaa cha pili cha kugawa Wi-Fi mwisho wake.

Kama hakuna dirisha hata moja linaloona mnara, na kwetu ndivyo ilivyokuwa mwanzoni, dawa ni kipokezi cha nje kinachofungwa juu ya paa na kushusha kebo moja ndani. Tulipokipandisha juu ya usawa wa mwamba, tatizo la miaka miwili liliisha mchana mmoja. Lakini chuma juu ya paa kando ya ziwa kinanipeleka kwenye jambo ambalo nataka mlisome polepole.

Radi na umeme

Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana barani Afrika. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za pwani, unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda na mawingu ya radi yanajengeka. Ndiyo ile miali tuliyokuwa tunaitazama utotoni ziwani usiku wa manane mpaka alfajiri. Ruta yenye kipokezi cha paani imeunganishwa na nyaya mbili zinazotoka nje, ya umeme na ya mtandao, na radi haihitaji kupiga nyumba yenu. Ikipiga karibu, msukumo wake unapita kwenye waya hadi ndani. Tulipoteza ruta hivyo, na runinga pamoja nayo.

Kipokezi cha paani kiwe na waya wa ardhi uliofungwa na fundi umeme anayejua kazi yake. Mlima wa mawe unalifanya hili kuwa gumu kweli, kwa sababu nondo ya ardhi inataka udongo wenye unyevu na si mwamba mkavu, basi achimbe pale penye udongo hata kama ni mbali kidogo. Kisha nyumba iwe na sheria moja: mawingu ya radi yakianza kujengeka, kabla ngurumo hazijafika, chomoa plagi ya ruta na chomoa kebo inayotoka paani. Zote mbili. Kilinda umeme kinasaidia umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, lakini hakizuii radi.

Kwa umeme kukatika, nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, ile ya volti 12 inayokaa kati ya adapta na ruta. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya mAh 10,000 ya volti 3.7 ina kama wati-saa (Wh) 37. Toa zinazopotea njiani, zibaki 31 hivi. Ruta inayokula wati 8 itakaa karibu saa nne. Linganisheni volti za UPS na zilizoandikwa kwenye ruta kabla ya kuchomeka. Kama mna faiba, kile kiboksi kidogo cha faiba nacho kinahitaji umeme. Wengi huweka betri kwenye ruta na kukisahau kiboksi.

Nywila, wageni na vifurushi

Siku ya kwanza badilisheni nywila mbili: ya kuingilia Wi-Fi na ya kuingilia mipangilio ya ruta. Chagueni usalama wa WPA2 au WPA3, zimeni WPS (njia ya kuunganisha simu bila kuandika nywila), na jina la mtandao lisiwe jina la ukoo. Nywila nzuri ni maneno manne yasiyohusiana ambayo mama anaweza kuyatamka kwenye simu, mfano wa sato-godoro-kengele-upepo, ila tunga yako. Tengenezeni alama ya QR ya mtandao, ile ya miraba inayosomwa na kamera ya simu, ichapwe, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Nywila ya mipangilio iandikwe kwenye daftari lile la namba za luku, kwa kuwa daftari hilo halipotei.

Mama hawezi kumnyima mgeni. Jirani akija na simu yake atapewa, na sitaki awe mtu wa kunyima. Washeni mtandao wa wageni wenye nywila yake na kikomo cha kasi, na alama yake ya QR ndiyo ikae sebuleni.

Kama mna kifurushi chenye kikomo, video ndiyo inayokimaliza: filamu ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Shusheni YouTube ya runinga hadi ubora wa chini wa 480p. Pesa ya kifurushi itume siku mbili kabla hakijaisha.

Kuitazama ukiwa mbali

Laini nyingi za simu hazikupi anwani yako peke yako ya intaneti. Wateja wengi wanachangia moja. Kwa sababu hiyo zile njia za zamani za kuingia kwenye ruta moja kwa moja kutoka nje hazitafanya kazi, na kamera za nyumbani zinazotegemea njia hizo vilevile. Tumia programu ya mtengenezaji wa ruta, akaunti iwe ya barua pepe yako, na weka ratiba ya ruta kujizima na kujiwasha mara moja kwa wiki, alfajiri.

Halafu taa. Mdogo wangu alipaka rangi ya kucha kando ya kila taa: nyekundu kwa umeme, bluu kwa mawimbi ya nje, nyeupe kwa Wi-Fi. Sasa mama ananiambia "ya bluu imezima" na najua shida iko nje. Lakini kuna siku taa zote zinawaka na hakuna kinachofunguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Mama alizima na kuwasha ruta mara nne, akidhani ameiharibu yeye. Tangu hapo tumekubaliana: kabla ya kugusa chochote, aulize kwanza kwa jirani kama simu zao zinafunguka.

Siku ya kufunga, mtumie fundi nusu ya malipo. Kabla hajaondoka, mama peke yake azime ruta, asubiri dakika moja, aiwashe, aichomoe kama vile radi inakuja, airudishe, aunganishe simu yake kwa ile alama ya QR, kisha akupigie kwa video. Nusu iliyobaki mtumie fundi ukishauona uso wa mama.