Somo: Fundi umeme Uingereza, ujiunge na skimu ipi ya usajili?

Mafundi wetu waliohamia Uingereza huuliza hivi: "NICEIC au NAPIT?" Hizo ni skimu mbili, yaani mashirika yanayosajili biashara za umeme. Swali zuri, ila limerukia mwisho wa safari. Kuna mambo yanayotangulia, na ukiyapuuza unaweza kulipa mamia ya pauni kila mwaka kwa kitu usichokihitaji. Somo hili ni la England na Wales tu. Scotland ina utaratibu wake, na Part P nitakayoieleza hapa haihusu Ireland ya Kaskazini.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama unahitaji

Tanzania fundi hupewa leseni na EWURA, Kenya na EPRA. Uingereza hakuna leseni ya namna hiyo. Hata jina la fundi umeme halilindwi na sheria. Mtu yeyote anaweza kulibandika ubavuni mwa gari lake akaanza kupokea simu. Wengi wetu hushangaa kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kilichopo ni kanuni za ujenzi, sehemu iitwayo Part P, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005 kwa umeme wa majumbani. Inataka baadhi ya kazi zitolewe taarifa kwa idara ya ujenzi ya halmashauri. Upande wa England orodha ilifupishwa Aprili 2013, zikabaki kazi za aina tatu: kuweka saketi mpya, kubadilisha bodi ya breka, na kuongeza au kubadilisha saketi karibu na bafu au shawa. Wales hawakuifupisha hivyo, kwa hiyo huko hata baadhi ya kazi za jikoni na za nje ya nyumba zinatolewa taarifa. Kubadilisha soketi iliyopasuka hakumhusu mtu wa halmashauri, ila wewe bado unapaswa kuifunga na kuipima kwa kufuata BS 7671, kitabu cha kanuni za nyaya za Uingereza.

Kwa kazi zinazotakiwa taarifa, unaweza kwenda halmashauri kabla ya kuanza na kulipa ada kwa kila kazi. Unaweza pia, kwa England, kumpata mthibitishaji aliyesajiliwa akukagulie, naye lazima umpate kabla hujagusa waya. Au unajiunga na skimu, unathibitisha kazi yako mwenyewe, na skimu inaipelekea halmashauri taarifa. Anayebadilisha bodi moja kwa mwaka hana haja ya skimu. Anayebadilisha mbili kwa mwezi asipojiunga anajiumiza.

Na kama umeajiriwa, tulia. Anayesajiliwa ni biashara, siyo wewe. Kampuni yako ikiwa mwanachama, kazi zake zimefunikwa. Kadi yako binafsi ya kuingilia saiti ni ECS, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Vyeti

Kila biashara iliyosajiliwa lazima iwe na msimamizi mwenye sifa, ambaye wenyewe humwita Qualified Supervisor. Ukiwa fundi wa peke yako, msimamizi ni wewe. Utahitaji sifa ya ufundi ya ngazi ya 3, cheti cha BS 7671 toleo la 18 pamoja na marekebisho yanayotumika sasa, na sifa ya ukaguzi na upimaji. Wengi hufanya ile ya City & Guilds 2391.

Fundi aliyekwisha fanya kazi miaka mingi hana haja ya kuanza upya na vijana. Ipo njia ya EWA, ya mafundi wenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi: unakusanya ushahidi wa kazi zako halisi, kisha unafanya mtihani wa vitendo uitwao AM2E. Unachosha, sikufichi, lakini ukiupita hakuna atakayekuuliza tena ulijifunzia wapi.

Jihadhari na matangazo ya kozi za siku chache yanayokuahidi kutoka ukiwa "umesajiliwa kikamilifu". Kozi haisajili mtu. Ulizia kwa skimu yenyewe, kwa maandishi, kama cheti hicho wanakipokea, ndipo ulipie.

Hatua ya 3: Sasa chagua

NICEIC ipo tangu 1956, NAPIT tangu 1992. ELECSA utaisikia kwa mafundi wa zamani, ila iliingizwa ndani ya NICEIC. Zipo nyingine ndogo zaidi.

Msimamo wangu ni huu: kwa fundi wa majumbani, tofauti ya ubora kati ya skimu ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa. Zote zinakupima kwa waraka mmoja wa masharti ya sekta, EAS, na zote zinafuata BS 7671. Nembo haifanyi ethi yako kuwa nzuri zaidi.

Angalia nani anakupa kazi. Halmashauri, vyama vya nyumba na makandarasi wakubwa mara nyingi huitaja NICEIC kwa jina kwenye masharti yao, kwa sababu ya ukongwe wake. Kama soko lako liko huko, jibu umeshalipata. Kama wateja wako ni akina mama wa mtaani na mawakala wa nyumba za kupanga, nembo yoyote inayotambulika inatosha, na hapo tazama ada ya mwaka, gharama ya kila taarifa unayotuma, na kama simu ya msaada wa kiufundi inapokewa na mtu anayejua kazi. Hilo la simu watu hulidharau hadi siku wamekwama ndani ya nyumba ya 1930 yenye nyaya nyekundu na nyeusi zilizounganishwa na za kahawia na bluu.

Angalia pia upana wa usajili. Wa majumbani pekee ni rahisi zaidi, lakini ukipata duka au kanisa, kazi hiyo itakuwa nje ya usajili wako.

Hatua ya 4: Makaratasi na vifaa

Bima ya dhima kwa umma, kwa kawaida isiyopungua pauni milioni 2. BS 7671 ya sasa, iwe kitabu au ya kidijitali. Daftari la malalamiko, hata kama halina lalamiko. Tathmini ya hatari. Testa zenye rekodi ya kuonyesha kuwa vipimo vyake havijayumba. Na kazi zilizokamilika ambazo mkaguzi wa skimu ataweza kuzitembelea. Omba ruhusa ya mwenye nyumba mapema.

Hatua ya 5: Siku ya mkaguzi

Hapa ndipo mafundi wazuri huanguka, na siyo kwa kutojua kazi.

Ataanza na namna unavyozima umeme. Unatakiwa kuhakikisha kipimio chako kinafanya kazi kwenye kifaa cha kukithibitisha, ufunge breka kwa kufuli na kuweka lebo, upime kwamba umeme haupo, laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, kisha ukithibitishe tena kipimio. Ile ya kuthibitisha mara ya pili ndiyo husahaulika. Ncha za chuma za kipimio zisiwe wazi zaidi ya milimita 4. Ni mwongozo wa GS38. Bisibisi ya taa tuliyozoea kuibeba mfukoni kule nyumbani, iache nyumbani.

Kisha vipimo, vya umeme ukiwa umezimwa kwanza. Karibu hakika utaulizwa saketi ya ringi ya soketi, ile inayozunguka na kurudi kwenye bodi. Tuseme umepima laivu kutoka mwisho hadi mwisho ukapata omu 0.60. Kwa kebo ya milimita 2.5 yenye ethi ya 1.5, ethi inapaswa kusoma mara 1.67 ya hapo, yaani karibu omu 1.00. Unajumlisha, unagawa kwa nne, unapata 0.40, na ukishaunganisha kwa kupishanisha, laivu ya ncha moja na ethi ya ncha nyingine, kila soketi ya kwenye ringi inapaswa kusoma karibu na hapo. Ukisoma soketi moja ikaruka juu, kuna tawi. Mwambie mkaguzi hivyo kabla hajakuuliza.

Insulesheni unapima kwa volti 500, na chini ya megaomu 1 hairuhusiwi. Ukiwasha umeme, tuseme ukinzani wa nje, wa njia inayoleta umeme hadi kwenye bodi, ni omu 0.35: ukijumlisha na ile 0.40 unapata 0.75. Kwa breka ya B32 kikomo cha kitabu ni 1.37, na kwa kuwa waya hupata joto ukifanya kazi, mafundi huchukua asilimia 80 yake, karibu 1.10. Umepita. RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ikiwa ya miliampia 30 ikate ndani ya milisekunde 300.

Andika namba unazozisoma. Mkaguzi akikuta vyeti vyako vyote vina ukinzani uleule kwa nyumba kumi, atajua umevijazia mezani.

Hatua ya 6: Baada ya kupita

Toa taarifa ya kila kazi mapema, ili halmashauri iarifiwe na mteja apate cheti chake ndani ya siku 30 tangu kazi ikamilike. Mkaguzi atarudi, kwa kawaida kila mwaka.

Maswali yenu

Fundi wa Leicester: Mwalimu, nimeajiriwa, lakini jioni napiga vibarua vyangu. Naweza kutumia namba ya usajili ya bosi?

Hapana, ndugu yangu. Usajili ni wa biashara yake, na bima yake haikufuniki ukiwa kwenye kibarua chako. Jisajili mwenyewe, au kazi za kutolewa taarifa zipeleke halmashauri.

Fundi wa Reading: Shikamoo mkuu. Cheti changu ni cha VETA. Kinatambulika?

Marahaba. UK ENIC wanaweza kukupa barua ya kukilinganisha na ngazi za hapa, nayo husaidia kwa mwajiri. Usitegemee barua hiyo peke yake ikusajili kwenye skimu. Kwa miaka yako ya kazi, ulizia EWA.

Mwenye nyumba, Milton Keynes: Samahani mafundi, mimi si mwenzenu. Fundi alinibadilishia bodi mwaka jana na hajaleta cheti chochote. Simu hapokei tena.

Pole sana dada. Tafuta jina la biashara yake kwenye tovuti za skimu; kama ni mwanachama, peleka malalamiko kwao, wana utaratibu. Kama hayumo, zungumza na idara ya ujenzi ya halmashauri kuhusu kuihalalisha kazi. Ripoti ya ukaguzi, EICR, itakuambia kama bodi ni salama, lakini haichukui nafasi ya cheti cha kanuni za ujenzi. Usiliache, maana ukiuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia.

Fundi wa Luton: Nataka kufanya EICR za nyumba za kupanga. Lazima niwe kwenye skimu?

Kanuni za England za 2020 zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe umeme wa nyumba yake unakaguliwa angalau kila miaka mitano na mtu mwenye sifa na uwezo. Hazikutaja uanachama. Ila mawakala wengi hawatakupa kazi bila nembo, na skimu zitataka bima ya dhima ya kitaaluma juu ya ile ya umma. Usiifanye kabla hujazoea nyumba za zamani. Kufunga nyaya mpya na kuhukumu nyaya za mtu mwingine ni kazi mbili tofauti.

Fundi wa Coventry: Na sola?

Sola ina usajili wake, MCS, unaolipiwa kando. NICEIC na NAPIT wote wanautoa. Mteja anayetaka kulipwa kwa umeme anaorudisha kwenye gridi kwa kawaida ataombwa cheti cha MCS, kwa hiyo fundi asiye nacho hukosa kazi hizo. Subiri uone kama unaombwa sola mara kwa mara, ndipo ulipie.