Pikapu ya dizeli iliyotumika: usiilee kama ile Hilux ya zamani

Hapa Uganda wengi tumezoea zile Hilux za kale za injini ya 5L, unaweka dizeli ya jerikeni, oili unachelewesha, na bado inapanda Kapchorwa na magunia ya mahindi. Hizi mpya za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote) hazina uvumilivu huo. Injekta zake zinapuliza dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 1,000 kupitia vitundu vidogo sana, kwa hiyo maji kidogo tu yanatosha kuziua.

Ukienda kuangalia gari, muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ukikuta ina joto rudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi ikawaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe na kugonga-gonga, huenda injekta zina kasoro na hapo jiandae kwa pesa ndefu.

Hilux ya 3.0 D-4D, yaani yenye injini ya 1KD, mwambie makanika aangalie washa za shaba (vile vipete vya kuziba) zilizo chini ya injekta. Zikichoka, gesi ya moto inapenya hadi kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, inaziba kile kichujio cha ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha inashuka na injini imekwenda. Afungue sampu muone wenyewe, muuzaji akikataa achana naye. Halafu 1KD ina taimingi beti, sio cheni, kama hakuna karatasi ya kuonyesha ilibadilishwa lini basi badilisha tu, kilomita za dashibodi zinachezewa sana.

Ford Ranger 3.2 nayo ina yake. Wakati wa kubadilisha oili usikubali kijana wa gereji aimwage halafu aende kula rolex (chapati ya mayai)! Ikikaa tupu zaidi ya dakika 10 hivi, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena, ukiwasha injini inazunguka kavu. Filta mpya na oili viwe pale pale kabla ya kulegeza nati.

Dizeli jaza kwenye kituo chenye magari mengi. Maji hukaa chini ya filta, legeza kile kifunguo cha chini uyatoe, na taa ya filta ikiwaka simama. Kwa wanaoenda Karamoja, filta ya hewa ikaguliwe mara kwa mara, vumbi likipita linakula turbo.

Kama gari imetoka Uingereza huenda ina DPF, yaani kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na foleni za Kampala ndiyo adui yake kwa sababu masizi hayapati joto la kuungua. Mara moja moja itoe barabara ya Masaka, nusu saa bila kusimama-simama. Na uchomoe dipstiki kila wiki: ukiona oili inapanda badala ya kushuka, ni dizeli inaingia humo kwa sababu ule uchomaji wa masizi unakatizwa njiani, badilisha oili hata kama kilomita hazijafika.