Namna ya Kuboresha Taarifa za Njia za Baiskeli kwenye Ramani

OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, hutumiwa na programu nyingi za kupanga safari za baiskeli, na yeyote aliyefungua akaunti anaweza kuirekebisha. Programu hizo huchagua njia kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye kila kipande cha njia. Sifa isiyoandikwa hukisiwa, na makisio hayo humfikisha mwendeshaji mahali asipoweza kupita.

Ipite njia mwenyewe, ukiandika kama ni ya lami, changarawe au udongo, pamoja na upana wake, mwinuko na taa. Zaidi ya yote, nakusihi usipuuze vizuizi. Nguzo mbili zinazopitika kwa urahisi kwa baiskeli ya kawaida zinaweza kumzuia kabisa mtu mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye pengine hawezi kushuka na kuibeba. Kwa hiyo pima pengo kwa futikamba, uandike kipimo hicho kwa mita, na penye ngazi au ukingo ulioinuka uonyeshe kama pana mteremko wa kupitishia magurudumu.

Kwa simu ya Android, programu ya StreetComplete huuliza maswali mafupi ukiwa papo hapo na kuyaingiza majibu yako kwenye OpenStreetMap. Usinakili kutoka ramani zenye hakimiliki.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha vipande vinavyokutana vimeunganishwa kwenye nukta moja, kwa sababu mistari inayogusana kwa macho tu huhesabiwa na programu kuwa njia iliyokatika. Kisha, taarifa zikishasasishwa katika programu unayoitumia, panga safari ileile uone kama njia imebadilika.