Namna ya kuwalinganisha Rosa na Maimuna: tabaka, jinsia na kufungiwa

Wanafunzi wengi wanaotakiwa kumlinganisha Rosa wa Rosa Mistika (Euphrase Kezilahabi, 1971) na Maimuna wa Utengano (Said Ahmed Mohamed, 1980) husimulia riwaya ya kwanza, wakasimulia ya pili, kisha wakaongeza aya moja ya kufanana na kutofautiana. Insha ya namna hiyo humwachia msomaji kazi ya kulinganisha. Anza na swali moja linalozibana riwaya zote mbili kwa pamoja. Ninapendekeza hili: ni nani anayemfungia msichana huyu, na kwa faida ya nani?

Kisha teua tukio moja kila upande ulisome polepole. Kwa Rosa, chukua kipigo anachopata kwa baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles; kwa Maimuna, chukua maisha ya utawani katika nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, ambamo yeye na mama yake Tamima wamekatazwa kutoka. Zakaria ni mlevi asiye na mali, na heshima aliyobaki nayo anaitafuta katika mwili wa binti yake, akiilinda kwa fimbo huku mkewe, Regina, akihangaikia riziki ya watoto. Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa. Ana kuta, watumishi na jina la kumfanyia kazi hiyo. Baba hawa wawili wanadai jambo lile lile kwa binti zao, lakini tabaka ndilo linaloamua nyenzo za kulidai.

Hapa usiharakishe kuandika kwamba Maimuna ana nafuu kwa kuwa amezaliwa katika mali. Hoja yenye uzito zaidi ni kinyume chake: utajiri wa Maksuudi ndio unaomwezesha kumfungia binti ndani kabisa, wakati Rosa, mtoto wa nyumba ya dhiki, anatoka Ukerewe kwenda kusoma. Ndiyo maana Maimuna anapotoroka hana ujuzi wa kumwezesha kujitegemea mjini, na anaishia mikononi mwa Mama Jeni, anayempa hifadhi na papo hapo kumfanya chanzo cha kipato. Rosa anafika hadi chuo cha ualimu, naye anaanguka vilevile, maana hofu aliyopandikizwa nyumbani haikumfundisha namna ya kuzungumza na mwanamume wala namna ya kumkataa. Tofauti hiyo iandikie aya mbili au tatu, kwa sababu inamzuia mwandishi wa insha kudai kwa wepesi kwamba elimu peke yake ingetosha kuwaokoa.

Undumakuwili wa Maksuudi, anayewachunga wanawake wa nyumbani kwake na kumfuata mwanamke mwingine, Kazija, nje, unatosha kutajwa kwa sentensi moja.

Mwisho wa riwaya unahitaji uangalifu. Rosa anajiua, na lawama kati yake na baba yake zinafikishwa mbele ya Mungu. Maimuna anaishi, na baadaye anapata mwenzi, Kabi. Kabla ya kusema kwamba mwandishi mmoja amekata tamaa na mwingine ana matumaini, orodhesha wanawake waliomsaidia kila mhusika alipokwama, pamoja na ukurasa unaothibitisha. Biti Kocho, aliyemsaidia Maimuna kutoroka, awe wa kwanza katika orodha hiyo, kisha umtafutie Rosa mwanamke wa kulinganishwa naye.